Glovu za kuacha vidole wazi: nilivyozifuma kwa uzi wa sweta la mtumba

Mimi ni mtu wa Tanga, na baridi ya Njombe ilinikuta sina habari nayo. Mji uko juu, takriban mita 2,000, na kati ya Juni na Agosti kuna asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani. Kazi yangu ni ufundi cherehani, kazi ya ncha za vidole: kutunga uzi, kukunja pindo, kuokota pini. Glovu nzima nilizonunua zilinishinda siku ya kwanza, maana hata pini mezani sikuweza kuishika. Nikizivua, vidole vinakufa ganzi kabla sijamaliza kola moja.

Jirani yangu, mama wa Kibena anayefuma sweta za watoto barazani kwake, alinisikia nikilalamika. "Mwanangu, nenda mnadani katafute sweta kuukuu, uje nikufundishe," akasema.

Katika kuchagua sweta, ufundi wangu ulinisaidia. Nilikuwa nageuza kila moja ndani nje na kutazama mshono wa ubavuni. Likiwa limekatwa na kupigwa overloki, liache, kwa sababu kila mstari umeshakatwa na utafumua vipande vifupi vifupi tu. Linalofaa ni lile ambalo kila kipande kilifumwa na ukingo wake, kisha vikaunganishwa. Nikapata moja la kijivu kwa shilingi 3,000. Nyumbani nilichoma kauzi kadogo kwa kiberiti: kakanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu ya kusagika. Hiyo ni sufu halisi. Uzi wa plastiki huyeyuka ukaacha kidonge kigumu.

Uzi ukifumuliwa hutoka umejikunja kama nywele zilizotoka kwenye misuko. Niliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga sehemu nne usivurugike, nikauloweka kwenye maji ya uvuguvugu bila kuusugua (sufu ukiisugua kwenye maji ya moto inarudi na kushikana), halafu nikauanika nimening'iniza kopo chini yake. Kesho yake ulikuwa umenyooka.

Vijiti mama alinichongea mwenyewe kwa mwanzi, vinne, akavipiga msasa na kuvipaka mafuta. Vitatu vinabeba kazi, cha nne ndicho kinachofuma, na unazunguka bila kuacha mshono. Kwa uzi wangu sentimita moja ilikuwa vitanzi viwili, na kiganja changu kina mzunguko wa sentimita 19. Nikaanza na vitanzi 36, 12 kila kijiti, kwa sababu ufumaji unavutika.

Glovu ya kwanza haikupita mkononi. Nilikuwa nimekaza vitanzi vya kuanzia kwa woga wa kuwa vitachomoka. Nilifumua yote nikiwa na machozi karibu. Mama akanionyesha kuanzia juu ya vijiti viwili vilivyoshikwa pamoja, kisha unachomoa kimoja. Mdomo unabaki umelegea. Kuanzia hapo nikafuma sentimita sita za kifundo, vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, ile mistari inayobana kama mkono wa sweta.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye dole gumba. Kuna watu huacha tundu tu ubavuni, wakapitisha dole. Nililijaribu hilo pia, na kila nilipotanua mkono kushika kitambaa, glovu nzima ilivutwa upande mmoja. Dole gumba linahitaji nafasi yake. Nilichagua kitanzi kimoja, nikawa naongeza kimoja kushoto kwake na kimoja kulia kila mzunguko wa tatu, mpaka kikazaa vitanzi 13. Panatokea pembetatu inayopanuka kuelekea juu, sawasawa na nyama ya kiganja chini ya dole. Vitanzi hivyo 13 nikavitunga kwenye uzi mwingine vingoje, nikaanzisha kimoja kipya kwenye pengo ili virudi 36, nikaendelea sentimita nne na kufunga kwa ulegevu.

Kurudi kwenye dole, kwenye kona pale pa kuungana hufumbuka tundu dogo linalopitisha upepo. Dawa yake ni kuokota vitanzi viwili zaidi kuliko unavyohitaji, kimoja kila kona, na mzunguko unaofuata kuvifuma pamoja na jirani zake. Mizunguko mitano, nikafunga.

Ya pili nilihesabu mizunguko yote kwa chaki ya kukatia, mistari kwenye ubao wa meza yangu, zisije zikatofautiana. Uzuri wa dole la namna hii ni kwamba limeanzia katikati, kwa hiyo glovu zote mbili zinafanana na hakuna ya kulia wala ya kushoto. Zilinichukua majuma matatu, jioni baada ya kazi.

Sasa ni msimu wa pili. Ya mkono ninaozungushia gurudumu la cherehani ilianza kulika kiganjani, kwa hiyo sasa hubadilisha mikono kila Jumatatu ili zichakae kwa usawa. Uzi wa sweta lile ulibaki, mpira mmoja mkubwa kama chungwa, uko kwenye droo pamoja na bobini.