Ndoa ya yaya imeingia mu simu

Yaya, ndugu yangu mukubwa, yuko Lubumbashi, watoto wake hawajaonaka ndoa ya wazazi wao, na lekta ya DVD siku hizi utaikuta wapi. Njo wiki hii nilikaa na ile diski yao hapa Kadutu, Bukavu, juu imeandikwa "Ndoa 2006" na marka, nikaanza kuigeuza ili ifunguke ku simu bila kumumalizia mutu mega zake zote.

Diski ilikuwa na vumbi ya miaka. Unapanguza na kitambaa laini toka katikati kwenda pembeni, usizungushe, ju mukwaruzo wa kuzunguka unafuata njia yenye data imeandikwa na hapo hata mashini nzuri inagoma. Ndani kuna folda VIDEO_TS na mafaili ya VOB, kila moja haipiti giga 1, basi shauri za koko (nyanya yetu) kwa bibi arusi zimekatwa katikati: nusu ku VTS_01_2, nusu ku VTS_01_3. Ukigeuza faili moja moja utasikia ule mukato, mi nafungua folda nzima na HandBrake, programu ya kugeuza video, inaziunga yenyewe.

Picha ya DVD imebanwa kwa namna ya zamani inaitwa MPEG-2, brauza za simu haziitaki. Inabidi picha ibanwe kwa namna ya H.264 na sauti kwa AAC, zote ndani ya faili moja ya MP4, hiyo inafunguka karibu ku simu yoyote, hata ile yenye kioo imepasuka. Halafu kuna ile mambo ya mistari: kamera za wakati ule zilirekodi kila picha kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, ku televizio ya zamani huoni kitu lakini ku simu bibi arusi akicheza mukono wake unatoka meno meno kama kitana. Unaweka alama pa "deinterlace", imeisha. Angalia pia upana, 720 kwa 576 inapaswa kuonekana kama 768 kwa 576, bila hivyo wageni wote wanakuwa wamekonda.

Ndugu yangu mudogo alitaka niipandishe ku mistari 1080 ikuwe HD. HD ya wapi? Ukivuta mistari 576 hauleti sura yenye kamera haikushika, unaongeza uzito tu.

Mi pa kubana nabana picha, sauti naihurumia. Watu wanafikiri video ni ya macho, lakini ku ndoa ya zamani unatafuta masikio: koko akimushauri bibi arusi kwa luga ya mashi, wamama na vigelegele, padri akikohoa ku mikro. Suti ya babu ikikosa rangi kidogo nani atalalamika, ila koko akianza kusikika kama yuko ndani ya pipa, umeharibu. Njo maana picha niliipa kilobiti 800 kwa sekunde, sauti 128, na saa moja inatoka karibu mega 420. Mashini ilifanya kazi usiku, ju muchana umeme ku kartie yetu ni bahati.

Kitu chenye wengi wanaruka: MP4 ina orodha inayoambia simu kila kipande kiko wapi, na kawaida inaandikwa mwisho wa faili, sasa mutu anabonyeza anangoja kiduara kinazunguka. HandBrake iko na kisanduku "Web Optimized", ku FFmpeg, programu ingine ya kugeuza, ni faststart, orodha inakuja mbele na video inaanza wakati ingali inashuka. Wenye saiti kubwa wanatumia HLS, video inakatwa vipande vya sekunde chache kwa ubora tofauti na simu inachagua kufuata nguvu ya rezo (mutandao). Kwa familia yetu ni kazi ya bure, nilitoa tu MP4 ya pili, ndogo zaidi, ya wenye mega kidogo.

Folda ya VIDEO_TS yenyewe iko nzima ku diski ya pembeni, siifuti. Sasa yaya anauliza kwa nini sikukata ile mwanzo yote yenye maua yanazunguka na jina la kameramani linaingia linatoka. Sikati. Tulimulipa dola nyingi kwa yale maua.