Kalamu ilizunguka meza: uzoefu wangu kama sekretere wa kanisa Bukavu

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, tunajua kuongea habari za ubakaji, mradi mbakaji awe na bunduki. Miaka yote hii ya vita tumehubiriwa juu ya askari na waasi, tumefunga na kuomba, tumechanga nguo na sabuni kwa ajili ya wamama waliolazwa Panzi. Hospitali ile, ambayo daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, ni ya jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste, na Mukwege mwenyewe, aliyepewa Nobeli ya Amani 2018, ni mtoto wa pasta. Kwa hiyo kanisa la mji huu haliwezi kusema halijui. Lakini mkosaji akiwa ni mwimbishaji wa korali, anayefunga tai na kushika mikro kila Jumapili, midomo inakauka.

Mimi ni sekretere wa parokia moja ya Kiprotestanti huku Kadutu, mtaa wa mji huu. Naandika PV, yaani kumbukumbu, za vikao vya wazee na barua za rekomandasio kwa washirika wanaohama. Kashe, muhuri wa kanisa, inakaa kwenye droo yangu, ufunguo ninao mimi. Wengi wanaona ni kazi ya karatasi tu.

Mambo haya yalitokea kabla waasi wa M23 hawajaingia mjini. Mama mmoja alikuja kwa pasta na malalamiko: mwimbishaji wa korali ya vijana alikuwa akimwambia binti yake, miaka 14, abaki nyuma baada ya repetisio, mazoezi ya korali, ili amfundishe sauti. Mengine sitayaandika. Wazee waliitwa, mwimbishaji akapiga magoti, akalia, akaombewa. Familia yake ikaahidi mbuzi wawili na kumlipia mtoto masomo. Mzee mmoja akamgeukia yule mama: "Mama, huyu ni ndugu yetu, ameshaomba musamaha. Utaenda kumushitaki kwa wapagani?" Akafungua 1 Wakorintho 6. Mama akatazama chini. Baada ya kumtoa nje, kikao kikakubaliana kwamba mwimbishaji aende Uvira, kwa kanisa moja lililokuwa linatafuta mtu wa korali. Wakanigeukia mimi:

"Mama sekretere, utamuandikia rekomandasio. Ile ya siku zote."

Ile ya siku zote inasema kwamba mhusika ametumika kwa uaminifu na ana mwenendo mwema.

Sikubishana. Kubishana na wazee mbele ya wazee wenzao ni kuwafungia mlango wa kurudi nyuma. Niliomba tu, kama kawaida, nisome PV kabla ya sala ya mwisho ili kila mmoja atie sahihi. Nikasoma polepole. Mzee fulani amesema msichana alikuwa anavaa nguo za kubana. Shemasi fulani amesema polisi wasihusishwe. Kikao kimeamua mtuhumiwa ahamie Uvira afundishe vijana, na kanisa la huko lisiambiwe sababu. Nikamkabidhi kalamu aliyekaa kulia kwangu. Ilizunguka meza nzima ikarudi kwangu bila sahihi hata moja. Mmoja alisema miwani yake ameiacha nyumbani; nilikuwa nimemwona nayo akisoma Wakorintho.

Basi kikao hakikuwa na uamuzi. Pasta, ambaye kusema kweli alikuwa na hofu kuliko ubaya, akakiahirisha.

Nafasi hiyo ndiyo niliyokuwa nataka. Kwanza nilimsindikiza mama na binti hospitalini. Dawa za kuzuia maambukizi ya ukimwi zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72 na kunywewa siku 28. Huyu mtoto saa hizo zilikuwa zimepita zamani, na hilo liliniuma, kwa sababu mambo ya msamaha yanakula muda ule ule ambao mwili hauna. Hata hivyo alipimwa, akapewa mtu wa kuongea naye, na cheti cha daktari kikaandikwa.

Halafu nikamtafuta avoka, wakili mshirika wetu. Alinifungulia sheria ya Julai 2006 juu ya unyanyasaji wa kingono. Kwa mtoto chini ya miaka 18 hakuna habari ya "alikubali". Kubaka ni kifungo cha miaka 5 hadi 20, na kile cha chini kinazidishwa mara mbili akiwa mkosaji ni mtumishi wa dini aliyetumia cheo chake vibaya, au mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto. Nikauliza kama mwimbishaji anahesabiwa mtumishi wa dini. Akasema juu ya hilo avoka wanaweza kubishana, lakini juu ya mamlaka hawatabishana: nani anapanga atakayeimba solo? Kisha akanionyesha kwamba kesi za aina hii haziishi kwa faini ya maelewano. Mbuzi wale wawili, kwa sheria, hawakuwa wamemaliza kitu.

Wazee hawaogopi sheria sana, wanaogopa wamama. Nikaenda kwa Mama Pasta, na yeye akawaita wamama wa maombi, wale wa Jumatano. Tulisoma 2 Samweli 13, Tamari aliyebakwa na Amnoni anavyoambiwa na ndugu yake Absalomu anyamaze, na Daudi baba yao anavyokasirika halafu hafanyi kitu. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kuhusu Wakorintho, mama mmoja muuza samaki aliuliza: kabla ya sura ya 6 kuna nini? Kuna sura ya 5, ambapo Paulo anawaagiza wamtoe katikati yao mtu anayekaa na mke wa baba yake. Siku ya kikao cha pili wamama walikaa kwenye mabenchi ya nje, wakiimba, bila kuombwa.

Kikao kiliandika kwamba mwimbishaji anasimamishwa, mama yuko huru kushitaki na kanisa halitamzuia. Safari hii walitia sahihi. Mzee wa miwani hakutia, na jina lake niliacha na nafasi tupu mbele yake.

Baadaye, Novemba 2024, tulisikia kwenye redio kwamba Justin Welby, askofu mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana, anajiuzulu kwa habari ya John Smyth. Huyo Smyth aliwatesa wavulana Uingereza; wachungaji wachache walijua tangu 1982, naye mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akaendesha kambi za wavulana huko. Pasta alinitazama, akasema, "Uvira yao ilikuwa Zimbabwe." Nilimsamehe mengi kwa sentensi hiyo.

Tulibadilisha mambo machache. Repetisio inaisha kabla ya giza na hakuna mtoto anayebaki peke yake na mtu mzima, hata mwalimu wa ekodim, shule ya Jumapili. Rekomandasio ina mstari mpya, sababu ya kuhama, na mimi sigongi kashe mstari huo ukiwa mtupu. Anayetoka kanisa lingine, tunapiga simu kule alikotoka. Kuna waliosema tunageuka polisi. Waseme.

Kesi ilienda. Sheria inataka kesi za namna hii zihukumiwe ndani ya miezi mitatu. Ilichukua muda zaidi ya huo, na mama alichoka mara nyingi, lakini mwimbishaji alihukumiwa. Februari 2025 vita ilipoingia Bukavu, gereza kuu likawa wazi na wafungwa wakatoka, yeye pamoja nao. Binti wakati huo alikuwa ameshahamishiwa kwa shangazi yake, sisemi wapi.

Haukupita muda mrefu, pasta mmoja wa Uvira akanipigia. Kuna kijana amefika na wakimbizi, anaimba vizuri sana, anasema barua yake imepotea katika vita, ametaja parokia yenu. Nikamuuliza jina. Nikamwambia asimpe korali, wala asimlaze kwenye nyumba yenye watoto, kisha nikapiga picha kurasa za PV pamoja na namba ya hukumu, nikamtumia kwa WhatsApp. Jina la binti halikuwamo. Tangu kikao cha kwanza nilikuwa naandika "mtoto" tu.