Nilivyowafundisha Wamsumbiji "I'd", "he's" na wenzao

Wanafunzi wangu wa jioni hapa Mtwara wengi wametoka Cabo Delgado. Kireno wamekisomea shuleni, Kiingereza wanakitafuta kwa ajili ya kazi na biashara. Nyakati za vitenzi wanazimudu zikiandikwa kwa urefu. Wanakwama mtu anaposema "I'd" au "he's". Vitabu huwapa jedwali la maumbo mafupi wakalikariri. Mimi nililiweka kando, kwa sababu halijibu swali linalowasumbua: hiyo "'d" ni "had" au ni "would"?

Kireno nacho huunganisha maneno: "de" na "o" huwa "do", "em" na "o" huwa "no". Ila huko ni lazima, na kitenzi hakiguswi. Kiingereza hukifupisha kitenzi kisaidizi, tena kwa hiari ya msemaji. Hilo nililisema mapema, wasije wakatafuta sheria ya lazima mahali isipokuwepo.

"I'd gone" haikuwapa taabu, maana Kireno kina "tinha ido": kisaidizi, kisha kitenzi, kama Kiingereza. Kazi ilikuwa "I'd go". Mreno husema "iria", neno moja, na maana ya "would" imo ndani ya kitenzi chenyewe. Basi mwanafunzi hana kisaidizi cha kukifikiria nyuma ya ritifaa (alama ya '), na kila "'d" anaifanya "had". Hapa tulikaa sana. Niliwazoesha kuiacha "'d" yenyewe na kutazama kinachofuata. Likija umbo la tatu, kama "gone" au "seen", ni "had". Kikija kitenzi kitupu, ni "would". "'S" nayo ni hivyo hivyo: "she's eating" ni "is", "she's eaten" ni "has". "I'd better go" inakaidi, kwani ni "had" juu ya kitenzi kitupu, kwa hiyo niliwapa kama msemo mzima. Na "come" umbo lake la tatu ni sawa na kitenzi kitupu. Hapo sentensi yote ndiyo huamua: "I'd come before you called" ni "had", "I'd come if you called" ni "would".

Zoezi lililozaa matunda lilikuwa imla: mimi natamka umbo fupi, wao wanaandika refu. Nalipenda kuliko mazoezi yote ya kujaza nafasi, kwa kuwa shida yenyewe iko sikioni.

Wengi wao wanajua Kiswahili, basi nikaandika ubaoni "nimekwisha kula", "nimeshakula", "nshakula". Pembeni nikaweka "está" ya Kireno, yaani "yuko", ambayo mtaani husikika "tá". Wakaona kwamba ulimi humeza kile kisichobeba mkazo, na hilo likatufungulia jambo ambalo jedwali halisemi kabisa. Kaka mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona 'Yes, I'm' umeikataa?" Nikamwomba aitamke. Kisaidizi kikiwa mwisho wa jibu ndicho kinachobeba mkazo, hakimezeki, lazima useme "Yes, I am". Lakini "No, I'm not" inakubalika, kwa sababu hapo mkazo umehamia kwenye "not".