Tremors kuanzia ya kwanza hadi ya saba: nilivyoimaliza na mpwa wangu

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuwa hawezi kukaa sebuleni tangazo la filamu ya kutisha likipita. Anakimbilia jikoni kwa mama yake, na usiku anadai taa iachwe inawaka. Mimi nimekua na filamu hizo na nazipenda kwa moyo wote, hivyo alipokuja kwetu likizo niliomba ruhusa nimwingize taratibu. Dada alitoa sharti moja tu: "Akiota ndoto mbaya, mmefunga." Nikachagua Tremors. Tulizitazama filamu zote 7 na hakuota. Naandika nilivyofanya kwa sababu wengi wanaoianza huishia ya pili au ya tatu wakisema imeharibika, nami naamini mtu akiijia vizuri atafika mwisho akiwa bado na hamu.

Kwa nini Tremors? Kwanza kuna mwanga. Sehemu kubwa ya filamu ya 1990 inapita mchana kweupe, jangwani, katika kijiji cha kubuni kiitwacho Perfection huko Nevada, ingawa kamera zilikuwa karibu na Lone Pine, California. Hakuna korido yenye giza wala mlango unaojifungua wenyewe. Pili, dude lenyewe lina sheria. Ni mnyoo mkubwa kama basi, anaitwa Graboid, anaishi chini ya ardhi na anawinda kwa kusikia kishindo. Ukikanyaga mchanga, amekusikia. Ukisimama juu ya mwamba, hakufikii. Mwandishi S. S. Wilson alipata wazo hilo akiwa kijana anayetengeneza filamu za mafunzo kwenye kambi ya jeshi la majini la Marekani katika jangwa la Mojave: alikuwa amekaa juu ya mwamba akajiuliza, je, kama kuna kitu chini ya mchanga kinachonizuia nisishuke? Mtoto wa darasa la tano anaielewa habari hiyo mara moja. Ni ule mchezo wa kuruka kutoka kochi hadi kochi bila kugusa sakafu.

Kwa hiyo nilinunua daftari la kawaida, nikamwambia, "Wewe ndiye mtaalamu. Kila filamu utaandika dude linasikia nini, linaona nini, linakula nini na linauawaje." Nilikuwa na imani kwamba woga wa mtoto unapungua akishapewa kazi ya kupeleleza. Kiingereza chake bado ni cha kuchechemea, basi nikawa namsimulia juu ya sauti za waigizaji, kwa ule mtindo tuliolelewa nao kwenye mabanda ya video, wa marehemu Lufufu kwa Tanzania na wa DJ Afro kwa Kenya. Pale panapotisha nilikuwa napunguza sauti ya televisheni na kuongeza yangu.

Kuna tukio ambalo hapo ndipo nilijua tumeshinda. Val na Earl, vibarua wawili wa Perfection walioigizwa na Kevin Bacon na Fred Ward, wanarudi kijijini na gari lao likiwa na kitu kilichojiviringisha kwenye ekseli: kirefu, kimekufa, kina mdomo. Wanakijiji wanakizunguka dukani kwa Walter Chang wakikikodolea macho. Mpwa wangu akaandika: "Ni nyoka. Urefu kama mkono." Baadaye kidogo ardhi inapasuka na tunaona kwamba yule "nyoka" ni ulimi mmojawapo tu wa mnyama mwenyewe. Aliikata sentensi yake kwa rula, akakaa mkao wa mbele kabisa ya kochi, akasema, "Mjomba, rudisha nyuma." Hakukimbilia jikoni. Alitaka kuhakikisha kama dalili ilikuwepo tangu mwanzo, na ilikuwepo.

Filamu hiyo ya kwanza, iliyoongozwa na Ron Underwood na kuandikwa na Wilson pamoja na Brent Maddock, ilipata takriban dola milioni 16 tu kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Kilichoiokoa ni kanda za video: watu waliikodi, wakaipenda, wakaambiana. Ukiitazama na daftari mkononi unaona kwa nini haichoshi. Madude ni 4 na hakuna hata mawili yanayokufa kwa namna moja. La kwanza linajibamiza kwenye ukuta wa zege wa mfereji likiwa kasi. La pili linavunja ukuta wa chumba cha chini cha Burt na Heather Gummer, mtu na mkewe waliojaza silaha nyumbani wakisubiri dunia iharibike, na wanalimiminia risasi mpaka linaanguka. La tatu linameza bomu. La nne limejifunza: mabomu halimezi tena, basi Val analitupia bomu kwa nyuma ili likurupuke mbele, litoboe ukingo wa genge na kuporomoka. Kabla ya hapo madude yalikuwa yameshachimba shimo la kunasia katapila iliyokuwa ikivuta trela lenye watu. Mpwa wangu aliandika neno moja na kulipigia mstari: "Wanajifunza."

Neno hilo ndilo lililotubeba hadi mwisho. Tremors inapokuwa nzuri, ni kwa sababu filamu mpya imebadilisha sheria ya dude na kuwalazimisha watu waanze kujifunza upya. Inapodhoofika, ni kwa sababu imeongeza ukubwa na kelele bila kuongeza kitu cha kujifunza. Fedha hazihusiki sana.

Ushahidi ni ya pili, Tremors 2: Aftershocks ya 1996. Kevin Bacon hakurudi, bajeti ilikuwa ndogo, na ilitoka moja kwa moja kwenye video bila kupita sinema. Hata hivyo Wilson, ambaye sasa ndiye aliyeiongoza, alifanya jambo la akili sana. Earl anaitwa Mexico kuua Graboid kwenye visima vya mafuta, na mwanzoni kazi ni rahisi: vigari vya kuchezea vya rimoti vinabeba baruti, dude linafuata kelele, kwisha. Mpwa wangu alianza kuchoka na kusema hii tunaijua. Halafu Graboid mmoja anakutwa amepasuka kutoka ndani, na humo wametoka viumbe wafupi wa miguu miwili, Shrieker, ambao hawasikii kabisa. Wanaona joto. Kila kitu kilichoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza hakifai tena. Wakila wanazaana papo hapo, na Burt anakuja kugundua hilo wakiwa wameshavamia akiba yake ya chakula. Earl anajipulizia mtungi wa kuzimia moto ili mwili upoe, kisha anapita katikati yao. Na kuna risasi moja ya bunduki kubwa ya Burt inayompitia Shrieker, ikapenya kila kilicho nyuma yake, na mwisho ikaua injini ya gari walilotegemea kukimbilia. Tuliirudia hiyo mpaka dada akaja kuuliza tunacheka nini.

Ya tatu, Tremors 3: Back to Perfection ya 2001, watu huidharau na mimi naipigania. Burt Gummer wa Michael Gross sasa ndiye steringi. Anarudi nyumbani Perfection na kukuta hatua mpya: Shrieker wamebadilika tena, wameota mabawa, na wanajirusha angani kwa moto unaolipuka mkiani. Burt anajificha kwenye ngome yake aliyoijenga kwa zege hata chini isipenyeke. Kiumbe mmoja anatua humo na kuanza kula akiba ya chakula. Burt anakumbuka sheria ya filamu iliyopita: wakila wanazaana. Anailipua nyumba yake mwenyewe. Muda si mrefu inajulikana kwamba hawa wapya wakishashiba hulala usingizi mzito. Nyumba imekwenda bure. Nilimtazama mpwa wangu wakati huo: alikuwa amelishika daftari kwa mikono miwili, kwa sababu na yeye alikuwa ameandika "usimpe chakula". Mwendelezo unaomwadhibu mtu kwa kukumbuka vizuri ni mwendelezo ulioandikwa na watu wanaowaheshimu watazamaji wao. Ndani yake wamo pia baadhi ya waigizaji wa mwanzo, pamoja na Ariana Richards aliyekuwa mtoto kwenye ya kwanza, na kuna Graboid mweupe, El Blanco, asiyeweza kubadilika wala kuzaa, ambaye wanakijiji wanaamua kuishi naye kwa kuwa uwepo wake unalizuia bonde lisijengwe majumba.

Mfululizo wa televisheni wa 2003 una vipindi 13. Tulitazama vichache tukaendelea. Kituo kilivirusha bila kufuata mpangilio wa waandishi na mtiririko ukapotea, ingawa Christopher Lloyd anapotokea kama mwanasayansi inanoga.

Hapa nilifanya uamuzi ambao naupendekeza kwa yeyote. Ya nne, Tremors 4: The Legend Begins ya 2004, niliiruka. Tukaenda ya tano na ya sita kwanza.

Ya tano, Bloodlines ya 2015, ilitengenezwa na watu wengine. Wilson na Maddock hawamo tena, mwongozaji ni Don Michael Paul, na hadithi imehamia Afrika Kusini, ambako kweli ndiko ilikopigwa. Mpwa wangu alifurahi kuona nyasi na miti anayoifahamu badala ya jangwa la Nevada, na zaidi alimpenda Nandi, mpiga mishale aliyeigizwa na Pearl Thusi. Nami nilimpenda. Lakini daftari lilibaki karibu tupu. Madude ni makubwa zaidi, yanaruka juu zaidi, ndimi zinajichomoa na kutembea zenyewe, ila hakuna anayekaa chini kufikiri. Tunaambiwa Burt ana mtoto wa kiume mtu mzima, Travis, ambaye ni Jamie Kennedy, na mambo mengi ni maneno kati yao. Tukio linalokumbukwa ni Burt kufungiwa ndani ya kizimba juani na simba akaja kumkojolea. Ya sita, A Cold Day in Hell ya 2018, inatupeleka kaskazini mwa Kanada, ingawa ilipigwa tena Afrika Kusini na theluji ni chache mno kwa jina lile. Ina wazo moja zuri: Burt anaugua kwa sababu ya kumezwa na Graboid kwenye ya tatu, na dawa inabidi itolewe kwa Graboid aliye hai. Na Valerie, mtoto wa Val na Rhonda, yule mpenzi wake kwenye filamu ya kwanza, yumo. Inatosha.

Ndipo nikaitoa ya nne. Ni mwaka 1889, kijiji hakijaitwa Perfection bado, kinaitwa Rejection, na Michael Gross anamwigiza Hiram Gummer, baba wa babu yake Burt. Hiram ni bwana wa mjini mwenye mgodi wa fedha, nguo safi, hajui kushika bunduki na anaogopa. Tumetoka kumwona Gross akiwa Burt kwa filamu nyingi, Burt anayeongea na silaha kama ndugu zake, halafu mtu yule yule anashindwa hata kulenga chupa. Inambidi mpiga bunduki wa kukodiwa, Black Hand Kelly, amfundishe kuanzia mwanzo. Mpwa wangu alinyamaza kimya filamu nzima, na mwisho akaandika kwenye daftari habari za Hiram badala ya habari za dude: "Alikuwa anaogopa, akarudi." Ukiitazama ile kwa mpangilio wa miaka, inakaa kama hadithi ya pembeni. Ukiiweka hapo, inakuwa msingi wa kinachofuata.

Kinachofuata ni Shrieker Island ya 2020, iliyopigwa Thailand. Tajiri mmoja amewatengeneza Graboid wakali zaidi maabara ili awawinde kisiwani kama burudani. Filamu yenyewe ni ya wastani. Lakini mwisho Burt analivuta dude kuelekea kwenye mtego wa miti iliyochongwa, na anabaki mbele yake ili wengine wapone. Mpwa wangu amelelewa na kauli ya mabanda, steringi hafi. Alisubiri Burt atoke kwenye vumbi. Zikaja picha za kumbukumbu za filamu zote, miaka 30 ya Michael Gross akizeeka na kofia kichwani, na mtoto akalia. Nilimwacha alie. Hakuwa anaogopa, alikuwa anamlilia mtu aliyemzoea, na hata dada aliyekuwa mlangoni aliliona hilo.

Siku iliyofuata aliniuliza kama Val hakuwahi kurudi. Nikamweleza kwamba Kevin Bacon alirudi: kilipigwa kipindi cha majaribio kwa kituo cha Syfy, kikiongozwa na Vincenzo Natali, kilichokusudiwa kuianzisha upya hadithi kutoka filamu ya kwanza kana kwamba nyingine hazikuwepo. Mwaka 2018 kituo kikaamua kutokiendeleza. Nilimwonyesha kionjo chake. Ninasikitika kwa ajili ya Bacon, maana alionekana kuipenda kwa dhati, ila kuifuta Aftershocks, ngome ya Burt na El Blanco ili kuanza upya ni gharama kubwa mno kwangu.

Mwenye muda wa wikiendi moja tu nampa ya kwanza, ya pili na ya tatu, mfululizo huo huo. Mwenye likizo nzima afuate mpangilio wangu: 1, 2, 3, 5, 6, 4, 7. Na mtoto apewe daftari kabla ya kuwasha televisheni, na kalamu ya wino, ili akikosea akate, asifute.