Mikungu ya Ndizi Iliyokataa Kuonekana

Jana jioni, umeme uliporudi hapa Moshi, niliendelea na mchezo mdogo wa kompyuta ninaoutengeneza kwa Godot, programu ya kuundia michezo, ambamo mchezaji akibonyeza kitufe kilichoko pembeni mwa skrini, mkungu wa ndizi hutokea juu ya mkokoteni. Kitufe kilibonyea vizuri, na ishara yake ya pressed, inayotoa taarifa kwamba kimebonyezwa, niliiunganisha ipasavyo, lakini mkokoteni ulibaki mtupu. Kosa lilikuwa langu: amri ya instantiate hutengeneza nakala ya mkungu katika kumbukumbu tu, nayo haionekani mpaka iongezwe kwenye mti wa mchezo, yaani mpangilio wa vitu vyote vilivyomo mchezoni, kwa amri ya add_child, kama mzigo ulionunuliwa ukaachwa stoo.

Nilipoongeza mstari huo nilibonyeza mara kumi kwa pupa, nikaona mkungu mmoja. Kumbe yote kumi ilikuwa imelaliana mahali pamoja, kwa kuwa sikuipa nafasi tofauti. Amri ya randf_range, inayotoa namba ya kubahatisha kati ya mbili, ilinisaidia kuitawanya.

Kisha mdogo wangu akakibonyeza kitufe tena na tena bila kuchoka, mikungu ikajaa. “Kaka, mbona sasa mchezo unakwamakwama?” aliuliza. Ilinibidi niandike queue_free, amri ya kuondoa kitu mchezoni, ili kila mkungu unaotoka nje ya skrini ufutwe.