Viatu vya nini, na pa kwenda hana?

Alhamisi usiku, na bado naisikia. Kombo, fundi viatu mwenzangu, hakupaza sauti. Aliisema kama mtu anayeomba kuazimwa nyundo, macho yake kwenye kiatu alichokipakata: "Viatu vya nini, na pa kwenda hana?" Wale mafundi wengine wawili wakacheka. Nami nikajibu, na hilo jibu ndilo linaloninyima usingizi. Nitalifikia.

Ni mzee mmoja anayelala barazani mwa duka, ndiye. Posa ya Zuhura ilikuwa Jumamosi, imepita salama, mahari yamekubaliwa. Jumapili mvua ikanyesha usiku kucha, Jumatatu asubuhi mzee akapita mbele ya kibanda chetu na kiatu cha kulia kimeachama kama changu kwenye beseni la muuza samaki. Nilimwita mimi. Hakuniomba, na hata hilo Kombo alilihesabu: "Tena hakukuomba."

Kiatu cha mtu anayelala nje hakiishi kama cha mteja wa ofisini. Cha wa ofisini huliwa kisigino, upande wa nje, basi. Hiki kilikuwa na tundu chini ya dole gumba, na nyuma, pale panaposhika kisigino, palikuwa pamevunjika na kulala kama sikio la mbuzi. Kuvunjika huko si kwa kutembea. Ni kwa sababu viatu usiku huwekwa chini ya kichwa, la sivyo asubuhi havipo. Kwa hiyo ukibandika soli tu ukamwambia nenda, umefanya nusu ya kazi. Kiatu kitamvuka kila hatua, na akikiburura soli itafunguka tena.

Kwanza ni kukausha. Ngozi iliyolowa haishiki gundi hata uimwagie kopo zima. Wengi hukianika juani au kukisogeza karibu na jiko la makaa, na hapo ngozi hukakamaa ikapasuka, na ile ya ndani anayoikanyaga hujikunja kama ukoko. Jaza magazeti, weka kivulini penye upepo, yabadilishe baada ya saa moja, kisha kila yakilowa. Kwa msimu huu wa masika kiatu kinataka usiku mzima. Mzee aliondoka na ndara zangu za kuogea.

Jumanne nikaing'oa soli yote. Si ile nusu iliyoachama peke yake: ukibandika nusu, pale gundi mpya inapokutana na kuukuu ndipo panapoanza kufunguka. Gundi kuukuu hukwanguliwa kwa kisu mpaka ngozi yenyewe ionekane, kisha msasa pande zote mbili, ngozi na soli, mpaka zikwaruze kidole. Futa vumbi. Paka pande zote mbili pia. Mkono wa kwanza ngozi huunywa wote, usijivunie. Ngoja kama dakika kumi, paka wa pili, ngoja tena mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole isinate. Hapo ndipo wanagenzi wanapoharibu. Wanabandika ikiwa mbichi kwa kudhani mbichi ndiyo hushika, kumbe ile dawa yenye harufu bado imo ndani, inafungiwa, na baada ya wiki soli inateleza. Siku za unyevu kama hizi gundi huweza kuota weupe juu, mfano wa pumzi kwenye kioo. Ukiuona huo, usibandike. Kausha, upake upya.

Ikishagusana haisogei tena, kwa hiyo anza na ncha ya mbele, shuka taratibu hadi kisigino, kisha nyundo kutoka katikati kwenda ukingoni ili hewa itoke.

Kwenye tundu niliongeza nusu soli ya mpira wa tairi, ule wa ubavuni, kwa sababu wa katikati ni mzito na mguu wa mzee utachoka. (Loweshea kisu maji, mpira hukatika kama muhogo uliochemshwa. Nimeshaliandika hili lakini bado watu wananiuliza.) Nikachanja mfereji mwembamba kuzunguka soli ili uzi ulale ndani usisagwe na lami, nikatoboa kwa msharasi, nikashona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, kila milimita 8 tundu moja. Ukiyasogeza karibu zaidi ngozi inakuwa kama stempu, inachanika kwenye mstari. Misumari sikugusa. Ngozi ya ndani imekwisha, ncha zingempata. Nyuma nikaingiza kipande cha mtungi wa mafuta ya kupikia, kimekatwa umbo la mwezi mchanga, kingo zimepigwa msasa, kati ya ngozi na bitana. Hicho akikilalia kitapinda na kurudi.

Kikalala mpaka Jumatano, maana gundi hutaka siku nzima kabla ya kukanyagwa. Mzee akaja, akarudisha ndara akiwa amezisuuza, akavaa, akapiga hatua tatu, akasema "Mungu akupe, fundi," akashika njia ya soko la Marikiti. Hata kona hajapinda, Kombo akasema alichosema.

Siku nzima nilimkasirikia. Nilimtungia majibu mengi, mengine makali. Kwamba soli haifichi kitu: kiatu kilichotoboka chini ya dole gumba ni cha mtu anayetembea kuliko sisi wote tuliokaa kwenye vigoda, maana barazani huondoshwa duka linapofunguliwa, Marikiti akitafuta mzigo wa kubeba huambiwa umri umekwenda, akijibanza Mwembe Tayari hufukuzwa, na usiku hurudi alikotoka. Hana pa kwenda, ndiyo, na siku nzima anakwenda. Juma naye, maana na yeye alinitilia neno lake, "Mzee, kesho watakuja kumi, wako milioni hawa," ningemwambia kuwa sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 Kenya nzima. Sikumwambia. Hata mmoja hajaja mpaka leo.

Lakini Kombo si mtu mbaya, na ana hoja ambayo hakuisema. Gundi yetu hii hii ndiyo wanayoinusa watoto wa mitaani. Ndani yake mna tolwini, inapanda kichwani, njaa na baridi vinasahaulika kwa saa moja, na ubongo unalipa. Wamekuwapo mafundi waliowauzia kwa vichupa, na kwa ajili yao sote tunatazamwa kwa jicho moja. Kombo hufunga kopo lake kila baada ya kupaka, hulitia sandukuni, hukalia sanduku. Mtu wa barazani akisimama mbele ya kibanda, Kombo haoni viatu, anaona askari wakija kuuliza nani anauza gamu hapa, na askari wakija vibanda vinavunjwa vinne, si kimoja. Kodi yenyewe imepandishwa wiki hii.

Basi jibu langu. Nilisema: "Ah, gundi yenyewe ilikuwa ya kutupwa, imeshaanza kuganda."

Ndilo hilo. Kopo nililifungua jipya Jumanne asubuhi, mbele ya Kombo, kifuniko kilikuwa kigumu nikaazima bisibisi yake. Na kila aliyekaa pale anajua gundi iliyoganda haipakiki: inafanya vinundu, haiingii kwenye ngozi, soli inakaa juu ya vinundu na hewa katikati, na ukiisukuma kwa dole gumba inabonyea. Kombo alikishika kile kiatu Jumatano asubuhi kabla mzee hajaja. Alijaribu ukingo kwa kucha, akaipinda soli, akakirudisha bila neno. Kwa fundi hiyo ni sifa. Kwa hiyo niliposema ya kuganda, alinitazama kidogo, akatabasamu, akarudi kwenye kazi yake. Tabasamu lile ndilo linalonirudia, kuliko hata maneno yake. Aliniona nikiona haya.

Nimemwambia mke wangu. Akasema sadaka hufichwa, usijisumbue. Nikamwambia sikuificha, niliikana. Akasema nizime taa.

Kama ni gharama, hesabu yenyewe ni ndogo: gundi robo ya kopo dogo, uzi kama mita mbili, tairi ni la bure, mtungi tulikuwa tunautupa. Saa tatu za kazi ukitoa muda wa kungoja, na katika kungoja nilimaliza viatu vingine viwili vya kulipiwa. Kesho nikifika nitamrudishia Kombo bisibisi yake, bado iko kwangu. Sijui kama nitasema kitu.

Mama amenipigia leo mara mbili kuuliza posa ya Zuhura ni lini. Barua ya posa ni yeye aliyeipokea, kwa mikono miwili, akakaa mbele na kanga yake mpya. Mara ya kwanza nilidhani ananitania nikacheka. Mara ya pili, saa kumi na moja jioni, sauti ile ile, maneno yale yale, nikamwambia, "Bado, mamangu. Ni Jumamosi."