Siku tatu Sikkim, magoti yanalia

Jamani, miguu yangu! Niko Gangtok, mji mkuu wa Sikkim, jimbo la milimani huko India, na sehemu pekee tambarare niliyokanyaga ni MG Marg, mtaa wa waenda kwa miguu. Kwingine kote ni ngazi. Nimesahau kununua sabuni, basi sabuni yenyewe naiona inanipungia mkono kule juu.

Tulipanda kutoka Siliguri kwa jipu la abiria, tumebanana kama dagaa, mto Teesta ukitufuata pembeni hadi Rangpo, mji wa mpakani mwa Sikkim, ambako wageni tunagongewa muhuri wa kibali.

Nilidhani India kote ni msongamano. Kumbe sensa ya 2011 ilihesabu watu 610,577 tu hapa, wachache kuliko jimbo lolote la nchi hiyo, kwenye kilomita za mraba 7,096. Na sehemu kubwa ya hizo ni miamba na barafu, nani akaishi huko? Mwenye nyumba wangu ni Mlepcha, jirani yake Mbhutia (makabila ya hapa), dereva Mnepali; wote wanataniana kwa Kinepali.

Leo alfajiri mawingu yakafunguka ghafla. Mlima Kangchenjunga, mita 8,586, umegeuka rangi ya chungwa mbele ya macho yangu. Chai imepoa mkononi, sijainywa hata funda.